Kuizunguka Parokia Kariakoo: Tunaomba Kuta Zianguke au Zisimame?

Matembezi ya sala si kitu kigeni Dar es Salaam. Jumapili ya Matawi barabara za katikati ya jiji zinajaa Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana wenye makuti mkononi. Ijumaa Kuu kuna Njia ya Msalaba na vituo vyake 14. Sikukuu ya Ekaristi, ambayo Papa Urbano IV aliiingiza katika kalenda ya Kanisa lote mwaka 1264, nayo ina maandamano yake. Makanisa ya kiroho yana ya kwao: watu wanaamka alfajiri na kuzunguka mtaa mara saba wakiomba kwa sauti. Wengi wetu tulio TMCS au USCF tumeshatembea angalau mara moja. Lakini uliza, "Tunazunguka ili iweje?" Hapo kila mtu ana jibu lake, na mengine yanapingana kabisa.

Nimechagua Kariakoo kwa sababu ndiko nilikotembea, pamoja na jumuiya ya shangazi yangu, na kwa sababu kule swali linabana kuliko Sinza au Tabata.

Tuanze na neno lenyewe. "Parokia" limetokana na Kigiriki, paroikia, yaani kukaa mahali ukiwa mgeni, kuishi jirani na wenyeji pasipo kuwa mwenyeji. Wakristo wa kwanza walijiita hivyo: wapangaji wa mjini. Baadaye neno likageuka, likawa eneo lenye mipaka, lenye paroko na ofisi na mhuri. Kwa Kariakoo maana ya kwanza ndiyo inayofaa zaidi. Makanisa makubwa ya zamani, Mtakatifu Yosefu na Azania Front, yalijengwa na Wajerumani kule bandarini, mwishoni mwa karne ya 19 na kuingia ya 20. Kariakoo ilikua upande wa pili wa Mnazi Mmoja, ule uwanja ambao wapangaji wa mji wa kikoloni waliuacha wazi ili kuutenga mji wa Waafrika na mji wa wengine. Na wakazi wengi wa mwanzo wa Kariakoo walikuwa Waislamu. Kwa hiyo Mkristo anayetoka bandarini kwa maandamano na kukata Mnazi Mmoja anavuka mpaka wa ubaguzi, ajue asijue, kisha anaingia mtaani kwa watu kama mgeni.

Kuna ugeni mwingine, mpya zaidi. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walikutana Nairobi wakakubaliana kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo: majirani wachache wanaosali nyumbani kwa zamu, wanaofahamiana kwa majina, wanaozikana. Mpango huo unahitaji kitu kimoja, majirani. Sasa angalia Kariakoo. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zimebomolewa, yamepanda maghorofa, chini fremu, juu stoo. Watu wanaojaza Mtaa wa Congo saa 5 asubuhi wanalala Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, na jioni wanarudi huko. Jumuiya ya shangazi ina familia chache kuliko vidole vya mikono miwili, nyingi za wazee. Ndio maana walianza kutembea. Kama watu hawapo nyumbani, mtafute mtu pale alipo.

Nasoma matembezi haya kwa mifano miwili, na naomba tuitenganishe vizuri kwa sababu inachanganywa kila siku.

Mfano wa kwanza ni Yeriko, Yoshua sura ya 6. Siku sita mzunguko mmoja mmoja, siku ya saba mizunguko saba, tarumbeta, kelele, ukuta chini. Ndio mfano unaopendwa zaidi, na ni rahisi kuona kwa nini: una hatua zilizohesabiwa, una ushindi. Shida ni kwamba ndani ya ukuta wa Yeriko kulikuwa na watu, na hadithi haifichi kilichowapata. Ukiuchukua mfano huo mzima mzima ukauleta Mtaa wa Sikukuu, umeshaamua kwamba wanaoishi mle ni maadui.

Mfano wa pili haufahamiki sana kwetu. Karibu mwaka 470, mji wa Vienne, Ufaransa ya leo, ulipigwa na matetemeko ya ardhi na mioto, majengo yakianguka na watu wakikimbia mji. Askofu wao, Mamerto, aliagiza siku tatu za kufunga na kutembea mkisali, kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana. Desturi ikaenea Ulaya. Uingereza iligeuka kuwa kuizunguka mipaka ya parokia kila mwaka, watoto wakioneshwa mawe ya mpaka, wakati mwingine kwa kugongeshwa juu yake ili wasisahau. (Ukatili, ndiyo, lakini hawakusahau.) Kilichowatoa watu wa Vienne nje ni hofu juu ya nyumba zao na za jirani. Waliomba kuta zisimame.

Jamani, Kariakoo tuna haja ya kuomba kuta zianguke? Tarehe 29 Machi 2013, na ilikuwa Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, hatua chache tu upande wa pili wa Mnazi Mmoja, liliporomoka asubuhi. Walikufa watu 36. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu lenyewe, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa Kariakoo likaanguka asubuhi, na waliofukiwa walikuwa wakiwapigia simu ndugu zao kutoka chini ya zege. Zaidi ya 20 walikufa. Anayepita pale akipaza sauti kwamba kuta zishuke, hata kama anasema kwa mafumbo, ajue kuna mama lishe anayemsikia ambaye mwanawe alitolewa kwenye kifusi.

Wapo watakaosema namtetea jirani kuliko Injili. Sioni hivyo. Yeremia aliwaandikia watu waliohamishiwa Babeli kwa nguvu, mji wa adui hasa, akawaambia wautafutie amani na wauombee. Hao nao walikuwa wageni mjini, paroikia kamili.

Mambo ya utaratibu nayapita haraka, ila viongozi wa matawi ya vyuoni wayajue. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu. Sheria ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 43, inataka anayeandaa maandamano amjulishe mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla. Na barabara si yetu peke yetu: kuna zafa ya Maulidi, kuna maandamano ya Ashura ya Mashia mjini kati. Wote wanapita kwa adabu ileile. Katibu wa jumuiya ya shangazi ana kanuni yake: spika inazimwa kabla ya kufika msikitini, na inawashwa baada ya kuvuka njia panda.

Vituo vyao navyo ni vya Kariakoo kweli. Kimoja ni kwa ajili ya wabeba mizigo. Jina Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa na magonjwa. Ukisimama pale huku kijana anakupita na mkokoteni wa marobota ya mitumba, akipiga mluzi umpishe, huhitaji mahubiri marefu.

Safari niliyokwenda, tulisimama mbele ya duka la vitenge. Mwenye duka, mzee wa kofia ya kiua, alitoka na kuuliza tunaomba nini. Shangazi akamwamkia, "Shikamoo mzee. Tunauombea mtaa, na nyumba zake."

"Marahaba mwanangu. Basi liombeeni na hili," akasema, akatuonesha ufa uliopanda kutoka nguzo ya chini hadi ghorofa ya pili. "Jirani anachimba chini, anataka stoo."

Tulisali pale, naye amesimama nasi. Kisha katibu akatoa daftari la mahudhurio, akageuza ukurasa, akaandika jina la mtaa na namba ya jengo ili apeleke serikali ya mtaa Jumatatu asubuhi. Tulipomaliza mzunguko, ukurasa ule ulikuwa na namba nne.