Somo la Malisho: Ranchi ya Serikali Kando ya Mto Galana

Ninyi mnaochunga ng'ombe huku Kpandroma, mmezoea vijito vingi vya milimani, tena pengine mwasema maji hayaishi. Basi tusome habari za nchi yenye mto mmoja tu, tupate kujua kazi ya ukingo.

Katika Kenya, mashariki ya mbuga ya Tsavo, iko ranchi iitwayo Galana, yapata hektari 600,000. Ni mali ya Serikali. Mto Galana huanza pale mito ya Athi na Tsavo inapokutana. Mbele huitwa Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi.

Zamani palikuwa pa Wawaata, waitwao pia Waliangulu, wawindaji wa tembo kwa upinde mzito na mshale wa sumu. Miaka ya 1956 na 1957 wengi walifungwa. Kisha mwaka 1960 Serikali ikaanza mpango wa kuwaruhusu kuwinda kwa kadiri, nyama na pembe ziuzwe. Mpango ule ulikuwa na akili. Lakini kabla ya mwaka 1970 nchi ilikodishwa kampuni ya ng'ombe, na mimi naona hapo wenyeji walipunjwa. Mwaka 1989 ranchi ikarudi mikononi mwa Serikali, na mwaka 2014 likaanzishwa shamba la mahindi la ekari 10,000, kwa maji ya mto uleule.

Sasa angalieni. Ng'ombe katika nchi ya jua hawezi kukaa siku nyingi bila kunywa, basi haendi mbali na mto. Kila siku njia ileile, kwato zilezile. Majani ya karibu huisha. Ya mbali hukauka bure. Kwa sababu hiyo, miaka ya 1970 walijaribu pale kufuga choroa, mnyama wa porini mwenye pembe ndefu, ambaye hunywa kidogo sana. Walimchunga kama ng'ombe, naye akakubali!

Ukingo usipokuwa na mizizi, mvua huchukua udongo. Huko Malindi bahari hugeuka rangi ya matope. Lakini udongo ule hautoki Galana peke yake: mwingi watoka juu, katika mashamba na malisho ya milimani, kwa watu wenye vijito kama sisi.

Basi msiingize kundi zima katika kijito. Chongeni mti mfano wa mtumbwi, uwekeni mbali kidogo, penye mawe, mkatie maji humo. Acheni matete yakue hatua kumi kila upande. Watoto wachungaji wasipigwe kwa jambo hili. Wakubwa ndio wapange njia.

Mvua ya kwanza ikinyesha, tekeni chupa moja ya maji juu ya mahali ng'ombe wanywapo, na ya pili chini yake. Ziacheni zitulie mpaka asubuhi, kisha pimeni matope ya kila chupa kwa kidole.