SOMO LA UVUVI: Kumvua Sangara katika Mto Nile kwa Mshipi na Ndoana



Wengi wetu tulio mashambani na viwandani tumetoka West Nile: Ajia, Vurra, Koboko, Rhino Camp, Pakwach. Likizo inapofika, au kazi inapokwisha, mtu hurudi nyumbani na fedha kidogo mfukoni, akajiuliza ataanza na kazi gani. Baadhi hukumbuka mto. Somo letu la leo ni kwa ajili yao. Linaeleza namna ya kumvua sangara, ambaye Uganda wengi humwita mputa na Kenya mbuta. Tena linaeleza kwa nini ni heri fedha hiyo inunue ndoana kubwa kuliko wavu wa matundu madogo.

1. Mjue samaki kwanza

Nile hutoka Ziwa Albert, hupita Pakwach, Rhino Camp na Laropi, kisha huingia Sudan Kusini penye Nimule. Sangara ni mwenyeji wa maji haya tangu kale. Katika Ziwa Victoria yeye ni mgeni. Alipelekwa huko katika miaka ya 1950. Sangara mkubwa sana aweza kupita kilo 100. Ni mwindaji. Hula samaki wenzake, hata watoto wa jamii yake mwenyewe.

Ukimulika maji usiku kwa taa, macho yake hung'aa kama ya paka. Hiyo ni alama ya samaki anayeona vizuri penye mwanga hafifu. Huko Kanada na Marekani yuko samaki wa mitoni aitwaye walleye, mdogo kuliko sangara, naye ana macho ya namna hiyo. Wavuvi wa kule humtafuta jua linapozama na kabla halijachomoza. Sangara naye hufuatwa vivyo hivyo, kwa maana saa hizo mwindaji huona, na windo lake halioni sawasawa.

2. Mahali pa kutega

Mwindaji hapendi kupoteza nguvu bure. Hashindi katikati ya mkondo mkali akipigana na maji. Hukaa nyuma ya mwamba, penye shimo refu, au pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia, akingoja samaki wadogo waletwe na mkondo. Kwa hiyo tazama kona za mto, midomo ya vijito na ukingo wa nje wa matete. Usipoteze usiku wako katika maji ya matope yaliyooza. Sangara anahitaji hewa nyingi ndani ya maji, na pale haipo.

3. Vifaa na kazi yake

(a) Mshipi uwe mnene. Sangara hana meno ya kukata, lakini kinywa chake kinakwaruza kama msasa, na vifuniko vya mashavu yake vina makali.

(b) Ndoana iwe kubwa. Dukani, namba ikipanda ndoana hupungua: namba 7 ni kubwa kuliko namba 12. Inoe kabla ya kutega.

(c) Chambo kiwe hai. Mtoto wa kambale hufaa, kwa kuwa hafi upesi. Mtoboe mgongoni juu juu, usiguse uti wa mgongo, ili aendelee kuogelea.

(d) Chubwi iwe nzito ya kutosha kukishusha chambo karibu na chini, isiwe nzito hata ikakilaza matopeni.

Mwenye mtumbwi aweza kufunga ndoana nyingi kwenye kamba moja ndefu, yenye jiwe la nanga na boya kila upande. Aachanishe ndoana mbali mbali zisinaswe pamoja. Hutegwa jioni na kukaguliwa alfajiri. Samaki akishika, usimvute kwa pupa. Mwachie akimbie, kaza anapochoka, na usizungushe kamba mkononi, maana aweza kukutupa majini.

4. Kwa nini si wavu mdogo?

Wavu wa matundu madogo na kokoro hujaza mtumbwi siku ya kwanza. Lakini hujaza watoto. Jike la sangara hutaga mayai kwa mamilioni, ila huchelewa kukomaa. Akivuliwa kabla hajataga hata mara moja, tumeuza mbegu pamoja na mavuno. Ndoana kubwa huchagua: mtoto hawezi kuimeza, mkubwa humeza.

Tena kuna hasara ya mfukoni. Mwaka 2017 serikali ya Uganda ilipeleka wanajeshi kusimamia sheria ya uvuvi katika Ziwa Victoria, na nyavu na mitumbwi mingi isiyotimiza masharti ilichomwa moto. Muuza nyavu alikuwa amekwisha kulipwa. Aliyebaki na majivu ni mvuvi, mara nyingi akiwa na deni. Ndugu, usiache kiinua mgongo chako kiishie hapo. Kabla ya kununua chochote, nenda ofisi ya samaki ya wilaya, uulize kibali na vipimo vinavyoruhusiwa. Vilevile usivue ndani ya Hifadhi ya Ajai bila ruhusa.

5. Usalama

Kiwandani tunadai vifaa vya kinga. Mtoni nako tusijidharau. Saa ya jioni anapotoka sangara ndiyo saa anapotoka kiboko kwenda kula nyasi. Usisimame katika njia yake, wala usipitishe mtumbwi kati yake na maji marefu. Usioshe samaki ukiwa umesimama majini, mamba yupo. Vaa boya la kuokolea, na usiende peke yako.

Mkiwa watu watatu au wanne, changeni fedha mnunue kamba na mtumbwi wenu wenyewe, mkaandike mapatano ya mgawo kabla ya siku ya kwanza. Anayevua kwa mtumbwi wa tajiri hugawana samaki na tajiri, lakini hatari haigawanywi.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Kwa nini jioni na alfajiri ni saa nzuri ya kutega?
2. Ni mahali gani katika mto wa kwenu panapofanana na tulipopaeleza?
3. Wavu mdogo unamfaidi nani, na hasara yake inamwangukia nani?
4. Kikundi chenu kikitaka kununua mtumbwi, mgawo utakuwaje mtu akiugua?