Mota Inayovuma Bila Kuzunguka: Kulinda Mkono Unapotengeneza Msumeno wa Mezani

Msumeno wa mezani ni miongoni mwa mashine ambazo wenye karakana za nyumbani huzitengeneza wenyewe zinapoharibika. Somo hili linahusu hitilafu moja: swichi inawashwa, mota inavuma, lakini diski haizunguki.

Chanzo cha hitilafu

Mota nyingi za misumeno hii hutumia umeme wa fezi moja. Umeme huo peke yake hauipi mota iliyosimama mwelekeo wa kuzunguka. Kwa hiyo mota huwekewa koili ya pili inayopata umeme kupitia kapasita. Mikondo ya koili mbili hupishana kidogo kwa wakati, na kupishana huko ndiko kunakoanzisha mzunguko. Kapasita ikifa, mvumo hubaki na mwendo hupotea. Dalili hiyo hutokea pia diski ikikwama, beringi ikikaza, au swichi ya ndani ya mota ikijaa vumbi.

Kosa linalokata vidole

Wapo wanaoisukuma diski kwa mkono ili kuisaidia mota. Mota yenye kapasita mbovu ikisukumwa huweza kushika kasi mara moja, tena kwa upande wowote iliposukumiwa. Mkono hauwahi kuondoka.

Hatua za kufuata

1. Chomoa plagi na uiweke mahali unapoiona. Kuzima swichi hakutoshi, kwa kuwa mtu mwingine aweza kuiwasha.

2. Zungusha diski polepole kwa kipande cha ubao. Ikikaza, tafuta kilichoikwamisha au kagua beringi. Ikizunguka kwa wepesi, shuku kapasita au swichi ya ndani.

3. Kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Usiguse ncha zake, wala usiziunganishe kwa bisibisi. Fundi umeme aiondoe chaji kwa rezista, kisha athibitishe kwa multimita.

4. Kapasita mpya iwe ya aina ileile, yenye mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua zilizoandikwa kwenye ya zamani.

5. Rudisha vifuniko vyote kabla ya kuwasha. Mvumo ukiendelea, zima mara moja, kwani koili huungua. Mpelekee fundi wa kusuka mota.

Vumbi

Usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Tangu 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule huweza pia kuleta pumu na muwasho wa ngozi. Vaa barakoa inayobana uso na uliondoe kwa brashi laini, mahali penye hewa ya kutosha.

Ajali ikitokea

Gandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uwekwe katika maji yenye barafu. Kidole kisigusane na barafu moja kwa moja. Majeruhi na kidole chake wafikishwe hospitali pamoja bila kuchelewa, kwani uwezekano wa kukiunganisha hupungua kadiri muda unavyopita.