Somo la 14: Kompyuta Iliyofichika Ndani ya Chombo

Usikiapo neno kompyuta, huenda unafikiria mashine yenye kioo na vibonye, iliyowekwa juu ya meza. Lakini kompyuta nyingi zaidi zimefichika ndani ya vyombo vingine: mita ya umeme, mashine ya kufulia, motokaa na ndege. Katika somo hili utajifunza jinsi zinavyotofautiana na kompyuta ya mezani, na kwa nini baadhi yake hukabidhiwa maisha ya watu.

Kompyuta ya matumizi mengi

Kompyuta ya mezani ni kompyuta ya matumizi mengi. Asubuhi mwalimu aweza kuitumia kuandika barua, mchana akajumlisha alama za wanafunzi, na jioni akatazama picha. Kila kazi ina programu yake, yaani mfuatano wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Mwenye kompyuta aweza kuongeza programu mpya au kuondoa ya zamani apendavyo.

Kompyuta iliyopachikwa

Sasa fikiria mita ya LUKU itumikayo Tanzania. Mtu akinunua umeme hupewa namba yenye tarakimu 20. Akiibonyeza, kompyuta iliyo ndani ya mita huchunguza kama namba hiyo ni halali. Ikiwa ni halali, huongeza uniti. Kisha hupima umeme unaotumika na kupunguza uniti hizo kidogo kidogo. Uniti zikiisha, hukata umeme.

Kompyuta hiyo haiandiki barua wala haionyeshi picha. Imewekewa programu ya kazi ya mita tu. Kompyuta iliyotiwa ndani ya chombo ili kukiongoza huitwa kompyuta iliyopachikwa. Kwa kuwa kazi yake ni moja, yatosha iwe ndogo, ya bei nafuu na yenye kutumia umeme kidogo.

Jaribio: Pima wepesi wako

Vifaa: rula ya sentimita 30.

1. Mwombe mwenzako ashike rula wima, alama ya sifuri ikiwa chini.
2. Weka kidole gumba na kidole cha shahada pande mbili za alama ya sifuri, bila kuigusa rula.
3. Mwenzako aiachie rula ghafla, bila kukuarifu. Idake upesi.
4. Soma alama ulipoidakia. Rudia mara 5, kisha uandike matokeo katika daftari lako.

Tumia vipimo hivi kujua muda uliotumia:

sm 10: sekunde 0.14
sm 15: sekunde 0.17
sm 20: sekunde 0.20
sm 30: sekunde 0.25

Jicho liliona rula ikianguka, ubongo ukaamua, na vidole vikatii. Kazi hizo zote zilihitaji muda, ingawa ulijitahidi kufanya upesi.

Jibu lililochelewa

Motokaa nyingi za kisasa zina mfuko wa hewa uliokunjwa ndani ya usukani. Gari likigonga kitu, kihisio hupima jinsi mwendo unavyopungua ghafla. Kompyuta iliyopachikwa huamua kama mgongano ni mkubwa, kisha huagiza mfuko ujazwe gesi. Mfuko hujaa kwa takriban sekunde 0.05. Linganisha muda huo na ule uliotumia kudaka rula.

Je, ingekuwaje kama agizo lingetolewa nusu sekunde baadaye? Kichwa cha dereva kingekuwa kimekwisha kugonga usukani. Agizo lingekuwa sahihi, lakini lisingemwokoa. Kompyuta ya mezani ikichelewa, wewe hungoja tu. Hapa kuchelewa ni sawa na kukosea. Mfumo unaopaswa kutoa jibu sahihi kabla ya muda uliowekwa kupita huitwa mfumo wa wakati halisi.

Usidhani kwamba tofauti ni kasi tu. Kompyuta ya mezani yaweza kuwa na kasi kubwa kuliko ile ya motokaa. Lakini hugawa muda wake kwa programu nyingi, hivyo pengine kazi moja hungojeshwa. Mfumo wa wakati halisi hupangwa ili kazi muhimu isingojeshwe kupita kiasi.

Kompyuta iliyoshuka mwezini

Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wa Marekani walikuwa wakishuka mwezini katika safari ya Apollo 11. Chombo chao kiliongozwa na kompyuta yenye uzito wa kilo 32 hivi. Kabla ya kutua, kompyuta ilionyesha onyo namba 1202, maana yake kazi zilikuwa zimeizidi. Rada mojawapo ilikuwa ikiipotezea muda bila sababu.

Hata hivyo, wataalamu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, ambao miongoni mwa viongozi wao alikuwa Margaret Hamilton, walikuwa wameiandaa kwa hatari kama hiyo. Kila kazi ilikuwa na daraja lake. Kompyuta ilijianzisha upya mara moja, ikaacha kazi za daraja la chini, ikaendelea kuongoza injini. Wanaanga hao wakatua salama.

Mambo ya kukumbuka

Kompyuta ya matumizi mengi hufanya kazi nyingi tofauti. Kompyuta iliyopachikwa huongoza chombo kimoja. Katika mfumo wa wakati halisi, jibu lazima liwe sahihi na lipatikane kwa wakati.

Maswali

1. Taja tofauti mbili kati ya kompyuta ya mezani na ile iliyo ndani ya mita ya umeme.
2. Kwa nini agizo sahihi laweza kukosa faida?
3. Kompyuta ya Apollo 11 iliacha kazi zipi, na iliendelea na ipi? Eleza sababu.
4. Chunguza vyombo vya nyumbani kwenu. Ni vipi unavyodhani vina kompyuta ndani yake? Ni kipi kingeleta hatari kama kingechelewa kufanya kazi?