Madhara ya Gesi Tuyahesabu Hadi Lini?

Katika somo la maadili tunafundishwa kupima madhara ya tendo la vita. Tuyapime hadi lini?

Vita ya Irani na Iraki ilikoma Agosti 1988. Majeshi ya Iraki yalikuwa yamewashambulia askari wa Irani kwa gesi ya haradali, ingawa Itifaki ya Geneva ya 1925 iliikataza. Gesi hii huanza kuunguza macho na ngozi saa kadhaa baadaye. Wengi walipona malengelenge, wakarudi makwao. Lakini vijia vidogo vya hewa mapafuni vilibaki na makovu, na hakuna dawa ya kuyafuta. Wengine macho yaliharibika upya baada ya miaka 10 na zaidi.

Anayepima shambulio siku ileile (nami niliwahi kuandika insha hivyo) huhesabu waliokufa. Mzee anayeamka usiku huu akitafuta pumzi hayumo.