Kijana Anayesomea Fedha: Chama Kimtarajie kwa Lipi?

Chama cha msingi kinapoombwa kumsaidia karo mtoto wa mwanachama aliyechaguliwa kusomea fedha Chuo Kikuu, wajumbe wengi huinua mkono wakidhani kuwa atarudi kuwa mtunza vitabu vya hesabu. Fikra hiyo yafaa isahihishwe kabla fedha za chama hazijatoka.

Mhasibu huandika yaliyotendeka: kilo zilizopokewa, malipo yaliyotolewa, deni lililobaki. Mtaalamu wa fedha huulizwa juu ya yatakayotendeka: chama kikope kiasi gani, kwa muda gani, na mkulima atabakiwa na nini.

Mfano ni huu. Chama kimekopa benki shilingi 50,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kikanunua kilo 10,000 za kahawa kwa shilingi 5,000 kila kilo. Kahawa ikiuzwa na mkopo ukalipwa wote baada ya miezi 3, riba ni shilingi 1,500,000, yaani shilingi 150 kwa kilo. Ikikaa ghalani miezi 9, riba ni shilingi 4,500,000, yaani shilingi 450 kwa kilo. Shilingi 300 zilizozidi hazikuibwa na mtu. Vitabu vyaweza kuwa safi kabisa, na hata hivyo malipo ya pili ya mkulima yamekwisha kuliwa na riba. Hapo magunia na usafiri havijahesabiwa.

Kuyaona hayo mapema, kabla mkataba wa mkopo haujatiwa sahihi, ndiko kazi yenyewe. Masomo yake kwa kawaida huchukua miaka 3: hisabati na takwimu, uchumi, uhasibu, sheria za biashara, upimaji wa mikopo na mitaji. Kati ya vyuo vinavyoyafundisha, kile cha Moshi chawahusu wanaushirika zaidi; kilianza mwaka 1963 kikiwa Chuo cha Ushirika, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Wahitimu huajiriwa katika mabenki, bima, mifuko ya hifadhi ya jamii na Serikalini. Wengine huendesha vyama vya akiba na mikopo, kazi isiyosifiwa sana mjini, ingawa ndiyo impayo kijana madaraka mapema.

Lakini shahada ya fedha peke yake haimfanyi mtu kuwa mkaguzi wa hesabu. Sharti afaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, kisha asajiliwe nayo. Chama chenye matumaini hayo kitenge pia ada za mitihani hiyo.

Na kijana arudipo kuomba kazi, halmashauri isitosheke na cheti. Apewe karatasi yenye kiasi cha mkopo, riba na miezi ya kungoja mnada, aeleze mbele ya wajumbe, kwa Kiswahili chepesi, mkulima atapungukiwa shilingi ngapi kwa kila kilo.