Kuhamisha Albamu za Picha Bila Kupoteza Majina Yaliyomo

Tuchukue mfano wa familia moja ya Choma, wilayani Igunga, mkoani Tabora. Mfano huu tumeutunga, lakini kila hatua iliyomo ni ya kawaida na inaweza kumpata mtumiaji yeyote.

Bibi wa familia hiyo ana sanduku la picha za karatasi, nyingi zikiwa zimepigwa katika studio za mjini, enzi ambazo mtu alivaa nguo zake za sikukuu kabla ya kwenda kupigwa picha. Mjukuu wake anazipitisha kwenye skana na kuziweka katika kompyuta. Kisha wanakaa pamoja jioni kadhaa, bibi akitaja na mjukuu akiandika. Huyu ni shemeji yangu aliyefanya kazi reli. Huyu aliyesimama nyuma ni mdogo wake babu yako, hukumkuta. Programu ya kutunza picha inamruhusu mjukuu kubandika jina kwenye kila sura na kuongeza maneno ya utambulisho, kama vile harusi, msiba, Choma au Tabora. Maneno hayo ndiyo yanayoitwa lebo. Baada ya wiki chache anaweza kuandika jina la mtu mmoja na picha zake zote zikajitokeza.

Miaka miwili baadaye kompyuta inaanza kuwa nzito. Mjukuu ananunua nyingine, ananakili folda zote za picha kwa diski ya nje, na kuifuta ile ya zamani ili aiuze. Picha zinafunguka vizuri, hakuna hata moja iliyopotea. Lakini majina hayapo. Na bibi alishafariki.

Hapa hakuna kirusi wala wizi, na diski haikuharibika. Mjukuu alihamisha picha kwa ukamilifu. Alichokosa ni kufahamu kwamba majina hayakuwa ndani ya picha.

Lebo huishi wapi?

Kila mwenye albamu ya karatasi anaijua tofauti hii, hata kama hajawahi kuifikiria. Wapo walioandika jina nyuma ya picha yenyewe, na wapo walioandika kwenye ukurasa wa albamu, chini ya mahali picha ilipobandikwa. Ukiichomoa picha ya kwanza na kumpelekea ndugu yako Mwanza, jina linakwenda nayo. Ukiichomoa ya pili, jina linabaki kwenye ukurasa.

Programu za picha nazo zimegawanyika hivyo. Baadhi huandika lebo ndani ya faili la picha, na huko ndiko nyuma ya picha. Nyingine huandika katika hifadhidata ya programu, yaani daftari kubwa ambalo programu inalitunza mahali pengine kabisa kwenye kompyuta. Mtumiaji anayenakili folda ya picha huwa hajui kuwa daftari hilo lipo, kwa sababu kwenye skrini picha na jina lake huonekana kama kitu kimoja. Ipo pia njia ya tatu: programu huandika maelezo katika faili dogo linalokaa pembeni ya picha, mfano wa karatasi iliyobanwa kwa kibanio. Faili hilo likifuatana na picha, maelezo yanasalimika, likiachwa, yamekwisha.

Uwezo wa kuandika maelezo ndani ya picha si jambo geni. Utaratibu wa Exif, ambao kamera hutumia kuandika tarehe na mipangilio yake ndani ya picha, ulianzia Japani mwaka 1995. Mwaka 2001 kampuni ya Adobe ilitoa utaratibu wa XMP, ambao unabeba maneno ya utambulisho, maelezo na hata majina ya watu. Kwa hiyo mahali pa kuandika pamekuwapo kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba programu hailazimiki kupatumia, na mara nyingi uamuzi huo umefichwa katika ukurasa wa mipangilio ambao watu wengi hawaufungui kamwe.

Programu ya Picasa ya kampuni ya Google, iliyokuwa maarufu sana kwenye kompyuta za nyumbani, inatoa mfano mzuri. Kwa kawaida iliandika maneno ya utambulisho ndani ya picha, lakini majina ya sura iliyaweka katika faili la pembeni lililofichwa ndani ya folda. Matoleo yake ya mwisho yaliongeza chaguo la kuyaandika majina hayo ndani ya picha zenyewe, ila mtumiaji alipaswa kulichagua mwenyewe. Mwaka 2016 Google ilitangaza kuacha kuiendeleza. Aliyekuwa ameweka alama kwenye chaguo hilo aliondoka na majina yake. Mwingine aliondoka na picha tupu, au nusu kwa nusu, maneno yakiwapo na majina yakikosekana. Hali hii ya nusu ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu mtu akiona lebo chache zimefika huamini kuwa zote zimefika.

Albamu zinazotunzwa kwenye intaneti zina mtego wake. Ukichukua picha zako zote kutoka Google Photos kwa huduma ya Takeout, maelezo uliyoyaandika huja katika mafaili madogo ya JSON yaliyo kando ya picha. Watu huyaona, hawayaelewi, huyafuta ili kupata nafasi. Tunamshauri mtumiaji asiyafute.

Nayo WhatsApp, ambayo familia nyingi huitumia kama njia ya kugawana picha za harusi na misiba, huipunguza picha ukubwa na kuondoa maelezo yaliyomo ndani yake, kisha huipa faili jina jipya. Picha iliyotumwa kwa njia hiyo isihesabiwe kuwa nakala ya akiba. Ikibidi kutumia WhatsApp, itume kama hati badala ya picha.

Kwa nini jina lina thamani

Wapo watakaosema kuwa picha ndiyo muhimu, jina ni nyongeza. Mkoa wa Tabora una sababu ya kutokubali haraka. Ulikuwa njiapanda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walipita humo wakibeba mizigo ya watu wengine. Abdullah Susi na James Chuma, walioongoza msafara uliobeba mwili wa David Livingstone kupitia Tabora hadi Bagamoyo, ambako ulifika Februari 1874, tunawatambua katika picha walizopigwa Uingereza mwaka huohuo kwa sababu mtu aliandika ni akina nani. Wapagazi wengi wanaoonekana katika picha za zamani za njia hiyo wamebakiwa na neno moja tu chini ya picha: wapagazi. Sura zao zipo, zinatutazama, na hakuna wa kuulizwa.

Kabla ya kuhamisha

Fanya jaribio kwa picha moja. Chagua picha uliyoiwekea lebo, inakili kwenye flashi, kisha ifungue katika kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuwa na albamu yako. Kwa kompyuta ya Windows, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua palipoandikwa Properties, halafu Details, utazame mstari wa Tags. Maneno yako yakiwapo, yamo ndani ya picha. Mstari ukiwa mtupu, usihamishe chochote bado. Majina ya sura huenda yasionekane hapo hata kama yamo, hivyo yajaribu kwa kuifungua picha hiyo katika programu nyingine inayotambua sura. Jaribio hili huchukua dakika kumi, na lingeiokoa familia ya mfano wetu.

Mstari ukiwa mtupu, rudi kwenye programu ya zamani ingali inafanya kazi. Tafuta katika mipangilio yake chaguo la kuandika lebo ndani ya mafaili, uliwashe, kisha uiamuru programu iandike upya maelezo ya picha zote, si zile utakazoongeza baadaye tu. Programu ya digiKam, ambayo hailipiwi, ina mipangilio ya namna hiyo. Lightroom Classic nayo huweka kazi yako katika katalogi yake, na ni juu ya mtumiaji kuiamuru iandike pia kwenye mafaili. Kabla ya kutoa amri hiyo weka nakala ya albamu nzima kando, maana unakwenda kugusa picha zote kwa mara moja.

Kama unahamisha albamu kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya kompyuta ileile, fanya hivyo kwa kutumia programu yenyewe. Ukizihamisha folda kwa mlango wa nyuma, daftari la programu litaendelea kuzitafuta mahali pa zamani, na huenda likakuonyesha picha hizo kama ngeni zisizo na lebo.

Unapomkabidhi fundi kazi hii, usimwambie tu "nihamishie picha". Mwambie kuwa unataka picha pamoja na lebo na majina, na maneno hayo yaandikwe kwenye risiti. Fundi aliyenakili picha zote amefanya alichoambiwa, na ni vigumu kumdai kisichotajwa. Usiruhusu mashine ya zamani ifutwe siku hiyohiyo. Kaa nayo mpaka umefungua albamu mpya, umetafuta majina kadhaa unayoyafahamu, na kuona kuwa idadi ya picha zinazojitokeza inalingana na ya awali.

Ikumbukwe kuwa jina lililo ndani ya picha husafiri kwa kila atakayepewa faili hilo, pamoja na mahali picha ilipopigwa kama simu ilirekodi. Kwa picha za watoto hasa, toa nakala isiyo na maelezo kabla ya kuitoa nje ya familia. Taarifa za namna hii zinaweza kuwa taarifa binafsi kwa maana ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Picha za karatasi zisitupwe baada ya kupitishwa kwenye skana. Ziandikwe majina nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza, kwa kuwa kalamu ya wino hupenya na kuchafua upande wa mbele. Na kama aliyeyataja majina hayo bado yupo, mrekodi kwa sauti akiyataja, picha moja baada ya nyingine.